Leseni inakupa kodi, kivinjari ndo kinaamua utaifanyia nini

Kila nikiongelea leseni za programu kuna mtu ataniambia achana na hayo, ni mambo ya wanasheria, kodi (yaani maandishi yanayounda programu) ikishakuwa wazi basi imetosha. Jamani haijatosha. Nimeandika programu za kwenye kivinjari miaka mingi na kadiri ninavyokaa kwenye hii kazi ndo naona leseni na vipengele vya kivinjari haviwezi kujadiliwa mbalimbali, maana unaweza kuwa na haki zote kwenye karatasi halafu kivinjari kikakunyima pa kuzitumia.

Angalia injini, yaani ile sehemu inayochora ukurasa unaouona, zinazoendesha karibu vivinjari vyote leo, ukiacha Firefox. Zilianzia kwa watu wa KDE, hawa wa desktopu ya Linux, waliandika injini ya KHTML wakaiweka chini ya leseni ya LGPL. Apple wakaichukua, wakatangaza kivinjari chao cha Safari mwaka 2003, na kwa kuwa LGPL inadai ukibadilisha laibrari (kodi ya kutumiwa ndani ya programu nyingine) na kuisambaza lazima utoe kodi ya hayo mabadiliko, wakatoa. Ila walikuwa wanalitoa furushi zima kwa mkupuo, huoni kipi kilibadilishwa lini wala kwa nini, na watu wa KDE wakabaki wanalitazama hawajui waanzie wapi kurudisha marekebisho kwenye mradi wao. Leseni imefuatwa, ushirikiano hamna. WebKit, yaani hiyo injini ya Apple iliyotokana na KHTML, ilikuja kufunguliwa kama mradi wa wazi 2005, baada ya manung'uniko mengi. Google wakajenga Chrome juu yake 2008, wakajitenga 2013 na tawi lao la Blink, Opera nao mwaka huo wakaacha injini yao wakahamia kwenye Chromium, ule msingi wa wazi wa Chrome, na Microsoft wakafuata na Edge mpya Januari 2020.

Mimi hapo nasoma vitu viwili. Cha kwanza, LGPL ilifanya kazi yake, kampuni kubwa kabisa duniani zimepita mikononi mwa hiyo kodi na bado sehemu iliyotoka KHTML iko wazi mpaka leo. Cha pili ndo kigumu, leseni inakupa kodi lakini haikupi kauli. Anayelipa mainjinia wengi ndo anaamua kipi kiingie na kipi kitoke, na wewe ukitaka kuanza tawi lako leseni inakuruhusu kabisa, ila utatunza mamilioni ya mistari ya kodi na watu wangapi, na tundu la usalama likigundulika utaliziba na nani?

Manifest V3, zile kanuni mpya za Google kwa ekstensheni (programu ndogo za kuongeza kwenye kivinjari), ndo inaniuma kuliko zote. Zamani ekstensheni ya Chrome iliweza kusimamisha kila ombi linalotoka kwenye kivinjari, ikaliangalia kwa kodi yake, ikaamua lipite au lisipite, na uBlock Origin, ekstensheni ya kuzuia matangazo, imejengwa juu ya uwezo huo. Sasa hivi unatakiwa umpe kivinjari orodha ya sheria mapema halafu kivinjari ndo kinazitekeleza chenyewe. Google wanasema ni kwa ajili ya usalama, usiri na kasi, na sikatai kwamba ekstensheni mbaya ni hatari kweli, nimeziona. Lakini hoja ya usiri mbona inalegea, maana ekstensheni ukiipa ruhusa bado inaweza kutazama maombi, kilichoondolewa ni kuyazuia kwa akili yake yenyewe. Firefox wameubakiza ule uwezo wa zamani na ndo maana mi nafanyia kazi huko kwanza. Na kumbuka uBlock Origin iko chini ya GPL toleo la 3, leseni kali kabisa ya kudai anayesambaza programu atoe kodi yake, kodi yote unayo, haki zote unazo, hakuna mtu aliyevunja kifungu hata kimoja, na bado kwenye Chrome haifanyi kazi tena kama ilivyokuwa.

Halafu 2023 watu wa Google walileta pendekezo la Web Environment Integrity, yaani tovuti iweze kuomba uthibitisho kwamba kivinjari na kifaa chako havijachezewa. Likapingwa sana, Novemba mwaka huo huo wakaliacha, na nilifurahi kupita kiasi. Wanaokumbuka TiVo wanajua kwa nini. Kile kifaa cha kurekodia televisheni kilikuwa na Linux ndani, kodi walitoa kama GPL toleo la 2 inavyotaka, ila ukiibadilisha na kuirudisha kifaa kinaikataa. GPL toleo la 3 ya 2007 iliweka kifungu maalumu kuzuia mchezo huo. Sasa kwenye wavuti kifungu hicho hakifiki, kwa sababu kinambana aliyekuuzia kifaa chenye hiyo programu, wakati tovuti inayokataa kivinjari chako ulichokibadilisha mwenyewe haijakupa programu ya GPL hata moja, haina deni kwako. Ndo maana vita vya namna hii inabidi vipiganwe kwenye mijadala ya viwango vya wavuti, leseni peke yake haikuokoi.

Basi leseni tuziache? Hapana, na hili limenigharimu. Nilikuwa na laibrari yangu ya JavaScript, lugha ya programu za kwenye kivinjari, chini ya leseni ya MIT, kampuni moja ikaichukua, ikarekebisha makosa ambayo mimi nilikuwa nimehangaika nayo miezi, ikaifungia ndani ya bidhaa yake na marekebisho sikuyaona. Hawakukosea, MIT inaruhusu, niliwapa ruhusa mwenyewe. Toleo lililofuata nikalihamishia leseni ya MPL 2.0. Matoleo ya zamani yanabaki MIT milele, ruhusa uliyoshatoa huirudishi, na wale waliowahi kunichangia kodi majina yao na tangazo la MIT nimeyaacha palepale.

MPL naipenda kwa sababu inashika faili kwa faili. Ukibadilisha faili langu ukasambaza, toa hilo faili, mafaili yako mengine ni yako, sina shida nayo. Kwa kodi ya kivinjari inakaa vizuri, maana developa wengi wanasahau kwamba JavaScript ukiituma kwenye kivinjari cha mtu umeshaisambaza, siyo kama kodi inayobaki kwenye seva yako. Na ile kodi iliyobanwa mpaka imekuwa mstari mmoja usiosomeka haihesabiki kuwa chanzo, MPL inataka ile ambayo mtu angeikalia kuirekebisha, kwa hiyo weka kiungo cha mahali inapopatikana. Kwa programu ya seva nachukua leseni ya AGPL, ile inamfikia hata anayeibadilisha na kuwahudumia watu nayo kwa mtandao tu bila kusambaza nakala. Kijifaili cha mistari ishirini nakiacha MIT, hicho chukueni tu.