Je, wajua kwa nini watu katika picha za mchoraji Kamuanga wana ngozi kama bodi ya simu?

Mpelekee fundi simu iliyozimika. Akishaifungua na kuichomoa bodi, utaona mistari myembamba imetambaa kila upande, inakata kona kali, inakutana na vitone vya risasi, kisha inapotea chini ya vipande vidogo vyeusi. Sasa chukua mistari hiyo uione kwenye shavu la mtu, ikishuka shingoni hadi kwenye vidole. Ndivyo anavyochora Eddy Kamuanga Ilunga, mchoraji wa Kinshasa aliyezaliwa mwaka 1991.

Kwa mbali unaona picha ya kawaida ya mtu mweusi aliyejifunga kitambaa chenye rangi kali, kichwa amekiinamisha, mabega yamelegea. Ukisogea karibu ndipo ngozi inapokugeukia kuwa saketi, yaani njia za umeme kama zile za bodi ya simu. Kazi yote ni ya mkono, kwa rangi za akriliki na za mafuta juu ya turubai.

Kwa nini saketi? Jibu liko ardhini, mashariki mwa Kongo. Kule Rubaya, katika wilaya ya Masisi, Kivu Kaskazini, watu wanachimba koltani kwa sururu na beleshi, wanaiosha kwa maji, wanaibeba mgongoni kwenye magunia. Ndani ya koltani mna madini ya tantali. Tantali ikisagwa iwe unga, ikashindiliwa na kuchomwa, inakuwa kipande chenye vitundu vingi mno kama sifongo, na kila kitundu kinafunikwa na utando mwembamba sana usiopitisha umeme. Kwa sababu ya vitundu hivyo, kipande kisichozidi punje ya mchele kinaweza kuhifadhi chaji nyingi. Hiyo ndiyo kapasita ya tantali, na ndiyo mojawapo ya sababu zilizofanya simu iweze kuingia mfukoni.

Kwa hiyo Kamuanga anapochora saketi kwenye ngozi, anarudisha kitu mahali kilipotoka. Madini yameondoka Kongo yakiwa udongo, yamerudi yakiwa simu, na katikati ya safari hiyo kuna miili iliyochimba na kubeba, na mingine iliyokufa kwa vita vilivyonenepeshwa na fedha ya madini.

Watu katika baadhi ya picha hizo ni Wamangbetu, kabila la kaskazini-mashariki ya Kongo. Zamani walikuwa wakifunga vichwa vya watoto wachanga kwa kamba ili virefuke, na wanawake wakasuka nywele zikasimama kama taji nyuma ya kisogo. Wazungu walivutiwa mno. Msafara wa magari ya Citroën uliovuka Afrika mwaka 1924 hadi 1925 ulimpiga picha mwanamke wa Kimangbetu aitwaye Nobosodru, na sura yake ikasambazwa Ulaya kama pambo. Kabila hilo limeshatazamwa sana na wageni. Kamuanga anawachora upya, na mara nyingi watu wake hawakutazami. Macho yameshuka. Mimi naona hapo heshima kubwa: mtu amerudishiwa haki ya kutokujionyesha.

Hapa ndipo penye jambo linalonigusa kuliko yote. Mchoraji wa picha za watu kwa kawaida huweka milima au mto nyuma ya mtu ili tujue anatoka wapi. Kamuanga mara nyingi huacha nyuma patupu, rangi moja tu. Nchi yenyewe ameiingiza ndani ya ngozi. Ukitaka kuiona milima ya Masisi, itafute kwenye mkono wa huyo aliyekaa.

Koltani si mzigo wa kwanza kutoka huko. Katika kazi alizoonyesha London mwaka 2018, pembeni ya watu wake kuna vyombo vya kaure kutoka Ulaya, vinavyokumbusha enzi ambapo Ufalme wa Kongo ulifanya biashara na Wazungu na binadamu wakawa bidhaa. Hata vile vitambaa vina safari yao: vitenge vya namna hiyo vilianza kutengenezwa na Waholanzi katika karne ya 19 kwa kuiga batiki za Java, kisha vikapata soko Afrika.

Na angalia mpaka ulipo kati ya kitambaa na mwili. Kitenge kinang'aa, nyekundu, bluu, manjano, kila mkunjo umechorwa kwa subira. Mistari ya saketi inafika ukingoni mwa nguo, inaishia hapo, na inaanza tena pale mkono unapotokeza.