Tundu la Hondohondo: Tazama Juu Kabla ya Kuwasha Chensoo

Ukikaa Usa River, Marangu au popote kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro palipobaki miti mikubwa, huna haja ya kuoneshwa hondohondo. Utamsikia kwanza. Mabawa yake hayana yale manyoya madogo yanayofunika mashina ya manyoya ya kurukia kwa chini, hivyo hewa hupenya katikati na kuvuma kama mtu anayepuliza mfuniko wa sufuria. Baadaye ndiyo hufuata ile sauti yake ya kukoroma.

Huyu wa mlimani ni hondohondo mashavu-fedha, ndege wa zaidi ya kilo moja, mweusi, mwenye pembe kubwa ya rangi ya maziwa juu ya mdomo. Pembe ya dume ni kubwa kuliko ya jike. Ukishuka kwenye mbuga kavu, kuanzia Kisongo kuelekea Makuyuni na Tarangire, utawakuta wadogo zaidi: mdomo-mwekundu na hondohondo wa Decken. Wa Decken ni rahisi kutambua, kwani dume ana mdomo mwekundu wenye ncha ya njano na jike mdomo mweusi mtupu.

Wote hawa wana udhaifu mmoja. Mdomo ni mkubwa na shingo ina nguvu, lakini hawawezi kutoboa mti kama kigogota. Wanategemea tundu lililokwisha kuwapo: tawi lililovunjika likaoza kwenda ndani, au shimo la kigogota lililopanuka kwa miaka. Mti wa kutoa tundu la kumtosha mashavu-fedha ni mti mzee. Mti wa miaka kumi na tano, hata ukipandwa kwa maelfu, haumsaidii chochote kwa sasa. Ndiyo maana takwimu za miche iliyopandwa hazituambii mengi kuhusu ndege huyu.

Tundu likipatikana, jike huingia na mlango huzibwa. Kwa mashavu-fedha kazi hugawanywa. Dume hutua chini, humeza udongo, huuchanganya na mate kwenye umio, kisha hurudi juu na kuutapika kidonge kimoja kimoja. Jike hupokea na kupiga lipu kwa ubavu wa mdomo, akigonga haraka haraka hadi udongo ushike. Wale wadogo wa mbugani hutumia pia kinyesi na mabaki ya chakula. Ukuta ukikauka huwa mgumu kama tofali, na kinachobaki ni ufa mwembamba wa wima. Wima, kwa sababu mdomo hufunguka juu na chini. Ufa wa kulala usingepitisha tunda.

Ndani, sakafu ya tundu zuri huwa karibu sana na mlango, ili jike akiwa amekaa aufikie ufa bila kusimama. Juu ya mlango huwa kuna nafasi ndefu ya kwenda juu. Hapo ndipo jike hujificha, mwanaharamu yeyote anapoingiza mkono au kijiti. Tundu likiwa na kina kirefu kwenda chini, ndege hulijaza magome na majani makavu mpaka sakafu ipande.

Mashavu-fedha hutaga yai moja au mawili, huatamia siku 40 hivi, na kinda hukaa ndani takriban siku 80 baada ya kuanguliwa. Jike hatoki hadi kinda liwe tayari kuruka. Hiyo ni miezi minne ya kula kupitia ufa. Reginald Moreau, aliyechunguza ndege hawa Amani, Usambara, zaidi ya miaka 80 iliyopita, alikadiria kuwa dume mmoja katika siku 120 alikwenda kwenye kiota mara 1,600 na kupeleka matunda 24,000. Gawanya mwenyewe: safari kumi na tatu kwa siku, matunda kumi na tano kila safari, yote yamebebwa kwenye umio na kutolewa moja moja.

Wadogo wa mbugani wana mtindo mwingine. Jike hutaga mayai kadhaa kwa kupishanisha siku, na wakati huohuo hunyonyoka manyoya ya mabawa na mkia karibu yote kwa mpigo. Kwa wiki kadhaa hawezi kuruka kabisa. Makinda yakifika nusu ya ukubwa yeye huvunja ukuta na kutoka kumsaidia mumewe kulisha. Makinda hujizibia tena mlango wenyewe, bila kufundishwa na mtu.

Sasa fikiria dume akiuawa kwa manati wiki ya tatu. Jike hana manyoya ya kurukia, mlango umezibwa, chakula kimekatika. Kuua ndege mmoja hapo ni kuua nyumba nzima, na aliyeua hajui, kwa sababu anaona ndege mmoja tu chini.

Hata hivyo manati si adui mkubwa. Adui mkubwa ni chensoo. Kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba mlimani, miti kama mringaringa, mruka na mifumu iliachwa kwa ajili ya kivuli cha kahawa na migomba. Kahawa ilipopungua thamani, mti ukawa akiba ya benki: ada ya shule ikifika, mringaringa unageuka mbao. Na katika shamba mti wa kwanza kuondolewa ni ule wenye shimo, kwa hoja kwamba "umeoza, utaangukia nyumba". Wakati mwingine hoja ni ya kweli. Mara nyingi hakuna aliyepanda kuangalia.

Warina asali wa porini nao wana sehemu yao. Nyuki hupenda matundu yaleyale, na anayefuata asali kwa moto na shoka huacha mti usiofaa kwa nyuki wala ndege. Bora mzinga wa kisasa, lakini usiutundike kwenye mti wenye tundu la hondohondo, kwani kundi likigawanyika hutafuta makazi karibu.

Joto linahitaji aya yake. Katika jangwa la Kalahari, Afrika Kusini, watafiti walifuatilia jamaa wa hawa wetu wa mbugani, hondohondo mwenye mdomo wa njano, kwenye masanduku ya viota kati ya 2008 na 2019. Viota vilivyofanikiwa vilishuka kutoka asilimia 58 hadi 17. Dume akitweta kwa joto hawindi vya kutosha, na jike ndani ya sanduku hana pa kwenda. Kwa hiyo anayetaka kutundika sanduku Monduli au Makuyuni atumie mbao nene, sentimita 3 au zaidi, alitundike upande wa shina usiopigwa na jua la mchana, na asitumie bati kabisa. Kwa hondohondo wadogo, sakafu ya sentimita 25 kwa 25, kimo cha ndani sentimita 50, na mlango wa sentimita 5 hadi 6, uwe sentimita chache tu juu ya sakafu. Kosa la kawaida ni kuweka mlango karibu na paa, kama banda la njiwa.

Kwa mashavu-fedha usitegemee sanduku. Linda mti.

Kabla ya kukata mti mkubwa, kaa umbali wa mita 50 asubuhi kwa saa mbili. Usisimame chini yake, maana dume akikuona atazunguka na chakula chake bila kutua, nawe utaondoka ukisema hakuna kitu. Tafuta michirizi ya kinyesi kwenye gome chini ya shimo, rangi ya udongo mdomoni mwa shimo, na mbegu safi zilizotemwa zikilala chungu nzima ardhini, nyingine zimeshaota. Ukiona dalili hizo, subiri miezi minne. Kama mti unatishia nyumba, punguza matawi yanayoelekea paani na uache shina lenye tundu likiwa limesimama. Ofisi ya kijiji au mtaa na afisa misitu wa wilaya ndio wa kuanza nao kwa kibali cha kukata. Waambie kuna kiota. Ndege hawa wanalindwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya 2009, na kubomoa kiota ili kuchukua kinda ni kosa.

Kuna mmoja tuliyemwacha: mumbi, yule mweusi mkubwa atembeaye mbugani na ngozi nyekundu usoni. Yeye hazibi mlango. Hulea kwa ukoo, na ingawa hutaga mayai mawili kwa kawaida, hubaki na kinda mmoja. Anahesabiwa kuwa hatarini, na sumu inayowekwa kwenye mzoga kwa ajili ya fisi au simba humpata pia.

Turudi kwenye mti wako. Makinda yakishatoka, ukuta hubaki vipande vipande na shimo huonekana limetelekezwa. Mwaka unaofuata jozi hurudi, hukwangua udongo wa zamani na kuanza upya, na tundu moja huweza kutumika miaka mingi mfululizo. Uweke alama mti huo, umwoneshe atakayerithi kihamba.