Mkurugenzi wa elimu wa kaunti ni wa nani?

Mzazi wa Likoni amerudishiwa mtoto nyumbani kwa sababu ya pesa za masomo ya ziada. Anapanda feri, anavuka, anakwenda moja kwa moja kwa gavana. Anakaa foleni hadi adhuhuri, kisha anaambiwa si hapa. Nimewaona wazazi wakitoka hivyo, barua mkononi, nauli imekwisha.

Kosa si lao. Linalowachanganya ni hilo neno "kaunti". Katiba ya 2010 iliipa serikali ya kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Skuli za msingi na sekondari zilibaki kwa serikali kuu. Kwa hivyo mkurugenzi wa elimu wa kaunti, pamoja na jina lake, ni afisa wa Wizara ya Elimu aliyewekwa Mombasa. Gavana hamwajiri wala hamwachishi kazi.

Chini ya mkurugenzi huyo kuna maafisa wa kaunti ndogo sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Hawa ndio wanaoingia skulini. Afisa hufungua daftari la mahudhurio, akasoma majina arobaini, kisha akainua macho kuhesabu vichwa darasani. Hesabu hiyo ina uzito, maana pesa za serikali hutolewa kwa idadi ya wanafunzi. Kiwango kilichozoeleka kwa skuli ya msingi ni shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Jina hewa moja ni pesa za umma zinazopotea, na mtu aliye Nairobi hawezi kuliona.

Ipo pia Bodi ya Elimu ya Kaunti, iliyoundwa na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Mkurugenzi ndiye katibu wake. Bodi husajili skuli, hata za binafsi, na hufuatilia masomo na mitihani. Walimu wana mlango wao: Tume ya Huduma za Walimu ina mkurugenzi wake wa kaunti, na malalamiko juu ya mwenendo wa mwalimu hupelekwa huko.

Kwa mzazi wetu, kifungu muhimu cha Sheria hiyo ya 2013 ni cha 29. Skuli ya umma hairuhusiwi kutoza karo ya masomo. Michango mingine yataka idhini ya Waziri baada ya kushauriana na Bodi, na hata ikiidhinishwa, mtoto hazuiliwi kusoma kwa kukosa kuilipa. Mwalimu mkuu hana mamlaka ya kujiamulia hayo peke yake, na nasikitika kwamba wazazi wengi hawajawahi kuambiwa hivyo.

Basi na aanzie kwa afisa wa elimu wa kaunti ndogo ya Likoni, bila kupanda feri. Aandike jina la mtoto, darasa, kiasi alichodaiwa na tarehe aliyorudishwa, aambatanishe risiti kama anayo. Achukue nakala mbili, na yake igongwe muhuri wa kupokelewa kabla hajaondoka.