Je, mzuka wa mtunzi na ugonjwa wa akili ni ndugu?

Mtaani Dar es Salaam, mtunzi akimwaga mistari bila kusita, wanasema mzuka umempanda. Akianza kuongea peke yake kituoni, wanasema kachizika. Ni kitu kimoja?

Niliwahi kukaa studio moja Sinza na kijana aliyekuwa hajalala siku tatu. Aliingiza sauti kwenye ngoma tisa, miguu haitulii, chipsi zake zimepoa bila kuguswa. Wiki mbili baadaye alikuwa kajifungia chumbani, simu hapokei. Prodyuza alipozirudia zile tisa, akabakiza mbili.

Hali hii ya kupanda na kushuka, ikizidi, madaktari huiita bipola. Mtu akiwa juu, usingizi hauhitaji, mawazo yanakimbizana, mambo yaliyo mbalimbali yanakutana kichwani, na aibu inaisha. Kwa mtunzi huo ni mtaji, angalau kwa muda.

Mjerumani Robert Schumann alitunga nyimbo zaidi ya 100 mwaka 1840, kisha 1844 karibu akauke kabisa. Alifariki 1856 katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Ugonjwa wake bado unabishaniwa, ila wengi hutaja bipola. Mwaka 1994 mwanasaikolojia Robert Weisberg alizipanga kazi zake mwaka kwa mwaka: alipokuwa juu zilikuwa nyingi, lakini hazikuwa bora zaidi, ukipima kwa mara ambazo zimerekodiwa. Prodyuza wa Sinza angemwambia hivyo bure.

Kwa hiyo uhusiano upo wapi? Utafiti mkubwa wa Sweden wa mwaka 2011 ulikuta wenye bipola wamejaa kuliko kawaida kwenye kazi za ubunifu. Ndugu zao wazima nao vilevile, na hapo ndipo mimi huacha kuusifu ugonjwa: yaelekea kinachorithiwa ni ule wepesi wa fikra, na dhoruba si lazima ije nayo. Wenye sonona (huzuni nzito isiyoisha) peke yake hawakuonyesha ziada hiyo.

"Dawa itaniua mzuka," kijana aliniambia alipopangiwa kliniki. Daktari Mogens Schou wa Denmark aliwauliza wasanii 24 wenye bipola waliokuwa wakimeza lithiamu, dawa ya kutuliza bipola, akachapisha majibu 1979. Kumi na wawili walisema wanazalisha zaidi, sita hawakuona tofauti, sita walisema wamepungua.