T568A au T568B: dhana za mafundi wa kebo na ukweli wake

Kwenye majengo ya ofisi yanayoendelea kujengwa Arusha, kuanzia Sakina hadi Njiro, fundi wa kebo za mtandao huulizwa mapema kama atafunga kwa T568A au T568B, yaani mipangilio miwili ya rangi za waya nane kwenye pini za plagi, na mara nyingi anayeuliza ameshaambiwa kwamba B ina kasi zaidi. Dhana hiyo haina msingi. Mipangilio yote miwili imo katika kiwango kimoja cha Marekani, ANSI/TIA-568, na inatofautiana kwa jambo moja tu: jozi ya kijani na jozi ya chungwa (kila jozi ni waya mbili zilizosokotwa pamoja) zimebadilishana nafasi, ya kijani ikianza kwenye pini 1 na 2 katika A, na ya chungwa katika B. Kikomo cha urefu wa kebo, mita 100, ni kilekile.

Dhana iliyo na madhara zaidi ni kwamba mpangilio wowote unafaa mradi ncha mbili zifanane. Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja mjini Moshi ambako kompyuta ya mhasibu ilikatika kila faili kubwa lilipotumwa, ingawa testa iliwasha taa zote nane kwa mfuatano. Nilipoinua plagi kwenye mwanga wa dirisha niliona rangi zimepangwa mbili mbili: chungwa, kijani, bluu, kahawia. Kwa macho ilipendeza. Lakini mtandao hutumia pini 3 na 6 kama jozi moja, na hapo pini ya 3 ilikuwa ya jozi ya kijani, ya 6 ya jozi ya bluu, kwa hiyo waya mbili zilizopaswa kusokotwa pamoja hazikuwa pamoja. Msokoto ndio unaozuia ishara ya jozi moja kuvuja kwenda nyingine, na testa ya taa haiupimi. Inapima kama waya umefika upande wa pili, basi. Nilikata ncha zote mbili, nikafunga upya kwa B kwa kuwa paneli yao, yaani ubao wa matundu ambako kebo za jengo hukutana, ilikuwa B, na faili likapita.

Husemwa pia kwamba A ni ya simu na B ni ya kompyuta. Ukweli ni kwamba jozi ya bluu hukaa pini 4 na 5 katika mipangilio yote miwili, hivyo simu ya laini moja haioni tofauti. Faida ya A hujitokeza kwenye laini ya pili, kwa sababu pini 3 na 6 huchukua jozi ya chungwa, ambayo kwa hesabu ya mafundi wa simu ndiyo jozi ya pili. Waya wa simu usichomekwe kwenye swichi ya mtandao, kwani simu inapoita voltu zake hufika takriban 90.

Kuhusu kufunga A ncha moja na B nyingine, swichi za sasa hujirekebisha zenyewe, na ndiyo maana kosa hilo hujificha miaka mingi hadi kifaa cha zamani kinapounganishwa. Jengo likiwa na paneli tayari, ifuate hiyo; likiwa jipya, mimi huchagua B kwa kuwa kebo nyingi za dukani huja hivyo, kisha naandika "T568B" kwa kalamu ya wino mzito ndani ya mlango wa kabati.