Sahani ya dagaa, paka na mbwa: yasemwayo Kigoma na ukweli wake

"Samaki hawezi kumdhuru paka." Utalisikia hilo kuanzia mwalo wa Kibirizi hadi Ujiji, na kweli paka wengi hula dagaa na migebuka hadi uzeeni salama. Ila mzio wa chakula hausubiri kitu kigeni: mwili huanza kukataa protini iliyozoeleka. Kwa paka, samaki wamo pamoja na nyama ya ng'ombe na kuku katika vyakula vinavyoongoza kwa mzio. Paka hujikuna kichwa na shingo mpaka manyoya yanang'oka na vidonda vinatokea, masika na kiangazi. Wengine huharisha au hutapika. Viroboto nao huwasha vivyo hivyo, kwa hiyo waondoe kwanza.

"Mnyime dagaa siku tatu utajua kama ndio wanaomwasha." Hutajua, ngozi huhitaji wiki 8 hivi kutulia. Chagua nyama ambayo hajawahi kuila, kama sungura au mbuzi, uichemshe peke yake bila chumvi wala kiungo, umpe hiyo tu. Akilamba sufuria ya dagaa mara moja, jaribio limeharibika, kwa hiyo bakuli lisuguliwe na watoto waambiwe. Akitulia, mrudishie dagaa. Muwasho ukirudi ndani ya siku 14, jibu umelipata. Paka anayekua asilishwe hivyo bila daktari wa mifugo: nyama tupu ina upungufu wa kalsiamu.

"Kitunguu kikiiva hakina neno." Kiive, kikaushwe au kisagwe, bado huvunja chembe nyekundu za damu, na kitunguu saumu vilevile. Gramu 5 kwa kila kilo ya uzito zinatosha kumdhuru paka. Paka wa kilo 3, basi, gramu 15, kipande tu. Mbwa huvumilia zaidi kidogo. Dalili huja siku kadhaa baadaye: fizi kupauka, mkojo kama chai ya rangi. Mtengee dagaa wake kabla kitunguu hakijaingia kwenye mawese.

"Unga wenye ukungu mpikie mbwa." Hili linatuumiza kuliko yote. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, ndiyo iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na ini la mbwa huathirika nayo vibaya. Kuchekecha hakuiondoi, wala moto wa ugali. Mbwa hususia chakula, hutapika, kisha macho na fizi huwa njano. Hapo ini limeshaharibika. Fukia unga huo, na kuku pia usiwape.