Siku yako ya ofu ina bei yake: haki za wahudumu na wapishi wa hoteli za chakula Mtwara na Lindi

Msimu wa korosho ukifunguka mwezi wa kumi, Mtwara mjini hailali. Mawakala, wapakiaji na madereva wa malori wote wanataka kula, na wikiendi familia zinateremka Shangani kupunga upepo. Ofisini kwetu, tunakosaidia wafanyakazi kudai haki zao, huo ndio wakati swali hili linapoongezeka: "Nimefanya kazi Jumapili, mbona sijalipwa mara mbili?"

Jibu linawashangaza wengi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiangalii Jumamosi wala Jumapili. Inaangalia mapumziko yako ya wiki, yaani saa 24 mfululizo kwa uchache. Kama ratiba inakupa ofu Jumanne, Jumapili kwako ni siku ya kazi kama nyingine. Lakini tajiri akikupigia simu Jumanne kwamba mwenzako anaumwa, njoo ushike zamu, hapo mambo yamebadilika. Kwanza ni lazima ukubali mwenyewe. Pili, kila saa utakayofanya inalipwa mara mbili ya mshahara wako wa msingi wa saa.

Dada mmoja mhudumu alitujia kutoka Lindi na kidaftari alichokuwa akikiweka kwenye mfuko wa aproni. Kurasa zilikuwa zimeshikana kwa mafuta. Kila mstari una tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na penye ofu aliyoitwa kazini ameandika herufi O. Ndani ya wiki sita O zilikuwa nne, zamu ya saa 9 kila moja. Kila mara alipewa 5,000 na sahani ya pilau.

Tukapiga hesabu pamoja. Mshahara wake ni 234,000 kwa mwezi. Sheria inataka uzidishe saa za kazi za wiki kwa 4.333, yaani wastani wa wiki katika mwezi; kwa anayefanya saa 45 inakuja saa 195 kwa mwezi. Gawanya 234,000 kwa 195, unapata 1,200 kwa saa. Mara mbili ni 2,400, na kwa saa 9 ni 21,600. Ofu nne ni 86,400. Alikuwa amepokea 20,000. "Na lile pilau?" akaniuliza. Nikamwambia chakula ni wema, lakini hakifuti deni la saa zake.

Kuna waajiri wanaosema, "Utapumzika wiki ijayo." Kuhamisha mapumziko kunaruhusiwa, ila kwa makubaliano ya maandishi na kwa kiasi sheria ilichoweka, kwa mfano saa 60 mfululizo kila baada ya wiki mbili. Neno la mdomo jikoni halitoshi.

Malipo mengine nayataja kwa ufupi. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, siku sita. Ukipitiliza kwa makubaliano, ni mara moja na nusu. Kwa dada yule, 1,800 kwa saa. Kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi kuna nyongeza ya asilimia 5. Sikukuu za kitaifa, kama Idd au Nane Nane, ni mara mbili hata kama hukuwa ofu. Meneja anayesimamia wenzake na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu haguswi na kanuni hizi.

Wengi huogopa kudai kwa sababu hawana mkataba. Naomba hili lisikike kila jiko: kumpa mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri. Shauri likifika mbele na mwajiri hana karatasi hiyo, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini.

Anza kwa kuzungumza na mwajiri ukiwa na hesabu mkononi. Kesi nyingi tunazoziona zingeishia hapo. Akikataa, nenda kwa afisa kazi, au ujaze fomu ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi, umpe mwajiri nakala, kisha uiwasilishe Tume. Kwa madai ya malipo una siku 60 tangu mgogoro uanze, na siku hizo hazingoji msimu wa korosho uishe. Njoo na kidaftari chako, hata kama kimelowa mafuta.